Draiva za laptopu ya zamani baada ya kupiga Windows upya: mwongozo kamili

Windows imeshaingia na laptopu inawaka, ila herufi zimevimba kwenye kioo, alama ya waifai haipo, spika ziko kimya na tachipadi haikubali kusogeza ukurasa kwa vidole viwili. Usidhani kuna kilichoungua. Vifaa vyote vipo na vinapata umeme. Mfumo ndio haujui namna ya kuongea navyo. Kinachokosekana ni draiva, ile programu ndogo inayokaa kati ya Windows na chipu.

Wengi huanza kwa kuandika jina la laptopu kwenye mtandao na kupakua chochote kinachojitokeza. Hapo ndipo siku nzima inapopotea, kwa sababu jina la laptopu halisemi yote. Modeli moja hutoka kiwandani na kadi za waifai za kampuni mbili au tatu, na pengine tachipadi za aina mbili, kutegemea kundi la uzalishaji. Anayejua kwa hakika kifaa ni kipi ni kifaa chenyewe. Kila chipu ina namba yake ya utambulisho, na Windows huisoma namba hiyo hata pale isipokuwa na draiva yake. Ukishaijua namba, kazi iliyobaki ni ndogo.

Kabla hujafuta mfumo wa zamani

Kama bado hujafomati, tumia dakika tano sasa. Kwenye Windows 10 au 11, chomeka flashi, tengeneza folda iitwayo draiva ndani yake, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kwa "Run as administrator" kisha andika hivi, ukibadilisha D kwa herufi ya flashi yako:

dism /online /export-driver /destination:D:\draiva

Amri hii hukusanya draiva zote zisizo za Microsoft, yaani zile hasa utakazozikosa baadaye. Ukimaliza kupiga Windows mpya, zirudishe zote kwa mkupuo:

pnputil /add-driver D:\draiva\*.inf /subdirs /install

Sharti ni moja tu lisilokwepeka: biti zilingane. Draiva ya biti 32 haiingii kwenye Windows ya biti 64, na hakuna ujanja wa kuilazimisha.

Na kama umeshapiga Windows bila kufomati diski? Angalia C:\Windows.old. Mfumo wa zamani umewekwa humo, na draiva zake ziko kwenye Windows.old\Windows\System32\DriverStore\FileRepository. Nakili folda hiyo yote kwenye flashi leo hii, maana Windows 10 na 11 huifuta Windows.old yenyewe baada ya siku 10. Chungulia pia kama kuna C:\SWSetup kwenye HP, C:\DRIVERS kwenye Lenovo au C:\Dell. Mara nyingi draiva za kiwandani hubaki humo miaka na miaka bila mtu kuzigusa.

Pata intaneti kwa njia yoyote

Huwezi kupakua draiva ya waifai kwa waifai isiyofanya kazi. Njia ya haraka ni simu ya Android. Ichomeke kwa waya wa USB, nenda kwenye mipangilio ya kushiriki mtandao, washa kushiriki kwa USB. Windows itaiona simu kama kadi ya mtandao wa waya. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba simu nyingi huweza kupokea waifai na kuipitisha kwenye waya huohuo, hivyo si lazima ule bando lako la data.

Windows 7 wakati mwingine huikataa simu. Fungua Device Manager (orodha ya vifaa vyote: bonyeza Win+R, andika devmgmt.msc), bofya simu kwa kitufe cha kulia, chagua "Update Driver Software", kisha "Browse my computer", kisha "Let me pick from a list", ingia "Network adapters", tafuta Microsoft kwenye orodha ya kampuni na uchague "Remote NDIS based Internet Sharing Device". Isipokubali, tumia kompyuta nyingine kupakua draiva ya mtandao wa waya au waifai pekee, ihamishe kwa flashi, na mengine yatafuata.

Ukishapata mtandao kwenye Windows 10 au 11, tulia kwanza. Iachie Windows Update ifanye kazi yake kwa nusu saa hivi, washa upya, kisha itafute tena masasisho, kwa sababu vifaa vingine hujitokeza tu baada ya draiva ya chipseti (chipu zinazounganisha prosesa na vifaa vingine) kuingia. Halafu fungua sehemu ya masasisho ya hiari. Kwenye Windows 10 iko chini ya "View optional updates". Kwenye Windows 11 iko ndani ya "Advanced options", kisha "Optional updates". Humo mna kipengele cha "Driver updates". Chukua zile tu za vifaa ambavyo kweli havifanyi kazi. Laptopu nyingi hupona hapa bila hatua nyingine yoyote.

Soma namba ya kifaa

Bonyeza Win+R, andika devmgmt.msc, kisha Enter. Vifaa vyenye alama ya mshangao ya njano ndivyo wagonjwa wako. Bofya kimoja mara mbili, nenda "Details", kwenye "Property" chagua "Hardware Ids". Utaona mistari kadhaa. Wa juu kabisa ndio wenye maelezo mengi kuliko yote. Huu ni mfano:

PCI\VEN_168C&DEV_0032&SUBSYS_1838103C&REV_01

VEN ni kampuni iliyotengeneza chipu. 168C ni Atheros. DEV ni aina ya chipu. 0032 ni AR9485, kadi ya waifai. SUBSYS ina sehemu mbili, na tarakimu nne za mwisho hutaja aliyeiagiza chipu hiyo kwa ajili ya laptopu yake: 103C ni HP, 1028 ni Dell, 17AA ni Lenovo, 1025 ni Acer, 1043 ni Asus, 1179 ni Toshiba, 104D ni Sony, 144D ni Samsung. REV ni toleo la chipu, na kwa kawaida unaweza kuipuuza.

Kampuni za chipu utakazokutana nazo sana ni 8086 ambayo ni Intel, 10DE ya NVIDIA, 1002 ya AMD na ATI, 10EC ya Realtek, 14E4 ya Broadcom, 1814 ya Ralink, 11AB ya Marvell, 1180 ya Ricoh na 197B ya JMicron. Mbili za mwisho mara nyingi ni kisoma kadi za kumbukumbu.

Vifaa vya USB huandika VID na PID badala ya VEN na DEV. Bluetooth, kamera na kisoma alama za vidole viko kundi hili, hata kama viko ndani ya laptopu na huoni waya. Sauti huanza na HDAUDIO, kwa mfano HDAUDIO\FUNC_01&VEN_10EC&DEV_0269, ambayo ni Realtek ALC269. VEN ya 14F1 ni Conexant na 111D ni IDT. Angalia tu kwamba kwenye HDAUDIO mpangilio wa SUBSYS umegeuzwa: namba ya mtengenezaji wa laptopu hutangulia.

Ukitaka kuwaona wagonjwa wote kwa pamoja kwenye Windows 10 au 11, fungua PowerShell na uandike:

Get-CimInstance Win32_PnPEntity | Where-Object ConfigManagerErrorCode -ne 0 | Select-Object Name, DeviceID | Format-List

Usikubali majina ya Device Manager yakuchanganye. Windows isipojua kifaa hukipa jina la jumla, na majina hayo yana maana zake zilizozoeleka:

- "Network Controller" ni waifai. "Ethernet Controller" ni tundu la waya wa mtandao.
- "SM Bus Controller" ni chipseti.
- "PCI Simple Communications Controller" kwenye laptopu ya Intel mara nyingi ni Management Engine Interface, na "PCI Serial Port" inayoandamana nayo ni sehemu ya AMT, teknolojia ya Intel ya kusimamia kompyuta kutoka mbali. Kwenye laptopu za zamani zaidi jina hilo la kwanza laweza kuwa modemu ya simu, kwa hiyo soma VEN kwanza.
- "Base System Device" na "Mass Storage Controller" kwa kawaida ni kisoma kadi.
- "Universal Serial Bus (USB) Controller" kwenye Windows 7 ni USB 3.0.
- "BCM20702A0" ni Bluetooth ya Broadcom.

"Unknown device" ndiyo inayotesa watu kuliko zote, na mara nyingi namba yake huanza na ACPI (mfumo wa kusimamia nishati na vifaa vya ubao mama). Hizi ni draiva ndogo za mtengenezaji wa laptopu, huwezi kuzipata kwa kampuni ya chipu. ACPI\HPQ0004 ni kihisi cha HP kinacholinda diski laptopu ikianguka, na programu yake inaitwa 3D DriveGuard. ACPI\SMO8800 ni kihisi cha namna hiyohiyo kwenye Dell. ACPI\VPC2004 ni draiva ya nishati ya Lenovo IdeaPad, ACPI\LEN0068 ni ya ThinkPad, ACPI\SNY5001 ni Firmware Extension Parser ya Sony, na ACPI\ATK0100 ni kifurushi cha ATK cha Asus kinachoendesha vitufe vya Fn. ACPI\INT33A0 ni Intel Smart Connect, kitu ambacho karibu hakuna anayekitumia. Izime ndani ya BIOS (mipangilio ya msingi ya laptopu, inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka) kama chaguo lipo, na alama ya njano itaondoka.

Kabla hujaondoka hapo, soma pia ukurasa wa "General". Code 28 maana yake hakuna draiva kabisa, ndiyo hali rahisi kuliko zote. Code 10 na Code 43 zinasema draiva ipo ila kifaa hakikuanza au kimeleta hitilafu. Hapo huenda draiva si sahihi, au kifaa kimechoka kweli. Code 52 ni sahihi ya kidijitali isiyokubalika. Code 22 inamaanisha kifaa kimezimwa tu. Bofya "Enable Device" na habari imeisha.

Mahali pa kuzichukua

Anza kwa mtengenezaji wa laptopu. Tumia namba ya mfululizo, si jina la modeli. Kama kibandiko cha chini kimefutika, angalia ndani ya nafasi ya betri, au iulize BIOS. Kwenye PowerShell andika Get-CimInstance Win32_BIOS. Kwenye Windows 7 andika wmic bios get serialnumber. Namba ya huduma ya Dell ina herufi na tarakimu 7. Lenovo hutambuliwa vyema kwa aina ya mashine, yaani herufi nne za mwanzo za namba ya modeli. Mwenye Toshiba aende kwa Dynabook, jina ambalo biashara hiyo ya laptopu inatumia sasa.

Hapa kuna mtego mmoja. Tovuti hutambua mfumo uliomo kwenye kompyuta unayotumia na kukuonyesha draiva za mfumo huo pekee. Laptopu ya mwaka 2011 ukiifungulia ukurasa wake ukiwa na Windows 10, utaambiwa hakuna kitu. Badilisha mwenyewe chaguo la mfumo liwe Windows 8.1 ya biti 64, na likiwa tupu, Windows 7 ya biti 64. Ghafla orodha itajaa. Draiva nyingi za 8.1 hukubali kwenye Windows 10 bila maneno. Za 7 hukubali mara nyingi, isipokuwa grafiki na vihisi vya ajabu ajabu.

Ukikosa hapo, nenda kwenye Microsoft Update Catalog, catalog.update.microsoft.com. Kwenye kisanduku cha kutafutia bandika sehemu ya namba, mfano VEN_168C&DEV_0032. Zikija nyingi mno, ongeza SUBSYS. Zisipokuja kabisa, punguza. Faida ya hapa ni kwamba kila kitu kimepimwa na kina sahihi ya Microsoft. Faili huja kama .cab, yaani limebanwa, kwa hiyo tengeneza folda C:\draiva\waifai, halafu fungua faili hilo kwa amri hii, ukiweka jina lake halisi:

expand -F:* C:\draiva\jina.cab C:\draiva\waifai

Usipange matokeo kwa tarehe ukidhani mpya ndiyo bora. Mafaili ya chipseti ya Intel mengi yana tarehe ya 18 Julai 1968, siku inayohesabiwa kuwa ya kuzaliwa kwa Intel, na draiva zinazokuja na Windows yenyewe zina tarehe ya 21 Juni 2006. Zimewekwa za zamani kwa makusudi, ili zisiishinde draiva mahususi ya mtengenezaji wa laptopu. Linganisha namba ya toleo, siyo tarehe.

Kampuni za chipu ni kituo cha tatu. Intel, AMD, NVIDIA na Realtek hutoa draiva kwa yeyote. Tachipadi za Synaptics na sauti za Conexant ni hadithi nyingine: hizo hurekebishwa kwa kila laptopu, kwa hiyo zitafute kwa mtengenezaji wa laptopu au kwenye Catalog.

Ukurasa wa mtengenezaji ukiwa umefutwa, chukua anwani yake ya zamani uipeleke web.archive.org, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao. Ukurasa karibu kila mara utaupata. Faili lenyewe ni bahati. Hata hivyo ukurasa pekee una thamani, kwa sababu una jina kamili la faili. Vifurushi vya HP huanza na sp na namba, kama sp na tarakimu tano au sita, na jina hilo ukilitafuta peke yake mara nyingi hupata nakala iliyohifadhiwa kwingine.

Kuhusu programu zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa kubofya mara moja, nyingi ni biashara ya hofu: zinakuonyesha "matatizo" 27 kwenye mashine isiyo na tatizo, zinadai malipo, na njiani zinapachika matangazo. Iliyo huru na ya chanzo wazi ni Snappy Driver Installer Origin. Hata hiyo itumie kama kamusi. Iache ikuonyeshe draiva ya kifaa kimoja kilichokosa, chagua hicho tu, na usiguse kitufe cha kuchagua vyote.

Mpangilio wa kuziweka

Washa kwanza "System Restore", maana kwenye Windows 10 mara nyingi huwa imezimwa, na utengeneze kituo cha kurudia. Kisha anza na chipseti. Ukweli ni kwamba kifurushi cha chipseti cha Intel kwa sehemu kubwa ni mafaili ya .inf, yaani maandishi ya maelekezo kwa Windows, yanayovipa vifaa majina yake. Hakileti kasi yoyote. Ila kinawezesha Windows kuviona vizuri vilivyo nyuma yake, ndiyo sababu kinatangulia. Fuata na Management Engine, kisha grafiki, sauti, mtandao, Bluetooth, tachipadi, kisoma kadi, na mwisho vitufe vya Fn na vihisi. Washa upya baada ya chipseti na baada ya grafiki. Kwingine siyo lazima kila mara.

Kitu kinachofanya kazi kiache. Windows 10 ikiweka "High Definition Audio Device" na sauti inatoka, maikrofoni inapokea na spika zinanyamaza ukichomeka vipokea sauti vya masikioni, draiva ya Realtek ya mwaka 2012 haitakuongezea lolote.

Kisakinishi kinapokataa

Utaona ujumbe kwamba mfumo huu hauruhusiwi. Mara nyingi anayekataa ni kisakinishi, siyo draiva yenyewe. Fungua .exe hiyo kwa 7-Zip kana kwamba ni faili la zip, na utafute mafaili ya .inf ndani yake. Visakinishi vya HP, ukivikubalia hatua ya kwanza, hufungua vitu vyake na kuviweka C:\SWSetup hata kama vitakataa baadaye, kwa hiyo nenda ukachukue humo.

Sasa rudi Device Manager, bofya kifaa kwa kitufe cha kulia, "Update driver", "Browse my computer for drivers", elekeza kwenye folda na uache alama kwenye "Include subfolders". Windows ikisema imeshaweka draiva bora wakati unajua siyo, rudi nyuma hatua moja, chagua "Let me pick", kisha "Have Disk", na uielekeze kwenye .inf yenyewe.

Unajuaje kama .inf hiyo ni ya kifaa chako kabla hujabahatisha? Ifungue kwa Notepad, bonyeza Ctrl+F, tafuta DEV_0032 au namba yako yoyote. Ikikosekana, draiva hiyo siyo yako, haijalishi jina la faili linasemaje. Ikiwepo, tazama kichwa cha sehemu iliyomo. NTamd64 ni biti 64, NTx86 ni biti 32. Ikifuatiwa na 6.1 ni kuanzia Windows 7, 6.2 ni Windows 8, 6.3 ni 8.1, na 10.0 ni Windows 10. Ukikuta NTamd64.10.0 peke yake, usiipoteze jioni yako kuilazimisha iingie Windows 7.

Kuna wanaoongeza namba yao wenyewe ndani ya .inf. Inawezekana, lakini ukibadilisha herufi moja tu, faili haliafikiani tena na sahihi ya kidijitali iliyo kwenye faili la .cat linaloandamana nalo, na Windows ya biti 64 itakataa. Unaweza kuizima kanuni hiyo kwa kuwasha mara moja: shikilia Shift huku ukibofya "Restart", ingia "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", washa upya, kisha bonyeza 7. Kuwasha kunakofuata kanuni inarudi. Fanya hivyo kwa faili ulilolitoa kwa mtengenezaji na kulihariri mwenyewe, kamwe si kwa draiva isiyo na sahihi uliyoiokota usikokujua.

Kama draiva ina sahihi halali na bado Windows 10 au 11 inasema haiwezi kuipakia, angalia "Windows Security", "Device security", "Core isolation". "Memory integrity" ikiwa imewashwa, huzuia draiva nyingi za zamani. Chaguo hapo ni lako: kifaa hicho au ulinzi huo. Kisoma alama za vidole cha mwaka 2009 hakistahili gharama hiyo.

Grafiki, mahali penye miba

"Microsoft Basic Display Adapter", au "Standard VGA Graphics Adapter" kwenye Windows 7, maana yake kioo kinaendeshwa bila draiva halisi. Video zitakwama, mwangaza hautabadilika, na mara nyingi laptopu haitaweza kulala.

Kwa Intel, kizazi ndicho kinachoamua. Intel HD ya prosesa za kizazi cha kwanza, za mwaka 2010, haikupata draiva rasmi ya Windows 10. Mara nyingi ile ya Windows 7 au 8 hukubali kupitia "Have Disk". HD 3000 ya kizazi cha pili hupata toleo 9.17.10.4459 kupitia Windows Update. HD 4000 haina shida. Kuwa macho na netibuku zenye Atom N2600: grafiki yake, GMA 3600, ilitokana na teknolojia ya PowerVR na ilipewa draiva ya Windows 7 ya biti 32. Ukiweka biti 64 humo utabaki na picha nzito daima. Hapo dawa ni kurudia Windows ya biti 32.

Ujumbe wa Intel kwamba draiva haijathibitishwa kwa kompyuta hii unatokana na mtengenezaji wa laptopu kuweka draiva yake iliyorekebishwa. Chukua ya kwake, ikikosekana, tumia faili la .zip la Intel kwa "Have Disk".

NVIDIA ilifunga vizazi vyake kwa zamu. GeForce 400 na 500 mwisho wake ni toleo 391.35, na GeForce 8, 9, 200 na 300 zilikomea 342.01. AMD Radeon HD 5000 na 6000 zinakwenda na 15.7.1 au 16.2.1, na HD 2000 hadi 4000 zinakomea kwenye Catalyst 13. Usipakue toleo jipya kuliko haya ukitarajia litakubali.

Laptopu yenye grafiki mbili inahitaji uangalifu zaidi. Weka ya Intel kwanza, washa upya, ndipo uweke ya AMD au NVIDIA. Za AMD za miaka ya 2010 na 2011 zilifungwa pamoja na Intel katika kifurushi kimoja cha mtengenezaji. Ukizitenganisha, kioo cheusi kinakungoja. Kikija, ingia "Safe Mode" (hali ya Windows inayowaka na draiva chache tu), ondoa draiva kwa Display Driver Uninstaller, kisha rudia kwa kifurushi cha mtengenezaji.

Windows 7 na mitego yake

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo usiitumie kwa benki wala barua pepe. Ila kama kuna mashine ya skana au programu ya zamani inayoihitaji, jua kwamba Windows 7 SP1 iliyopigwa leo haikubali sahihi za kidijitali za aina mpya, SHA-2, mpaka uweke sasisho KB4490628 kisha KB4474419, yote yapo kwenye Catalog. Bila hayo Windows Update haiunganishwi, na draiva mpya hutoa Code 52 hata kama hazina kosa.

Haina pia draiva ya USB 3.0. Flashi yenye draiva ichomeke kwenye tundu jeusi, siyo la bluu. Kwenye laptopu za Intel kizazi cha sita na kuendelea hata hilo jeusi halitasaidia, kwa sababu matundu yote yanapita kwa kidhibiti kilekile. Itabidi draiva ya USB iingizwe ndani ya boot.wim na install.wim, mafaili yaliyo kwenye flashi ya kupigia Windows, kwa dism kabla ya kupiga.

Onyo la hapa linahusu matoleo yote: usibadilishe hali ya diski (namna diski inavyowasiliana na mfumo) kwenye BIOS kutoka IDE kwenda AHCI au RAID baada ya Windows kuingia. Utapata kioo cha bluu chenye 0x0000007B au jina lake, INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, na draiva zote ulizoweka hazitakuokoa. Irudishe ilivyokuwa na mashine itawaka.

Waifai na Bluetooth zisizoonekana kabisa

Kifaa kikikosekana kwenye orodha, hata bila alama ya njano, usitafute draiva. Angalia swichi ya pembeni au kitufe cha Fn chenye alama ya mnara. Kwenye laptopu nyingi za zamani Bluetooth hukatiwa umeme swichi ikiwa imezimwa, kwa hiyo Windows haioni chochote cha kuomba draiva. Fungua pia BIOS uone kama imezimwa humo. Ikiwa yote yako sawa na bado haipo, washa Linux kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, fungua terminali, andika lspci -nn kisha lsusb. Kwenye lspci namba zilezile za VEN na DEV zitatokea ndani ya mabano ya mraba, na kwenye lsusb VID na PID hufuata neno ID. Kama Linux nayo haikioni, kadi imechomoka kwenye tundu lake au imekufa.

Tachipadi inayosogeza mshale bila kusogeza ukurasa imewekewa draiva ya jumla ya kipanya cha PS/2. Tafuta ya Synaptics, Elan au Alps kwa mtengenezaji wa laptopu. Tazama "Hardware Ids" ujue ni ipi, kwani SYN ni Synaptics, ETD ni Elan, na ALP ni Alps.

Mambo yakishakaa sawa, zuia Windows isiyavuruge. Tafuta "Change device installation settings" na uchague "No", hasa kama umehangaika na grafiki. Kisha rudia ile amri ya dism ya mwanzo, uweke draiva zote kwenye flashi, na folda uipe jina lenye modeli, toleo la Windows na biti.